Vanishi imekauka, mikwaruzo imejitokeza: makosa ya mashine ya msasa na jinsi ya kuyaepuka

Swali: Nilinunua mashine ya umeme ya kupiga msasa, ile ya duara ambayo msasa wake unabandikwa kwa velkro, ili nitoe vanishi ya zamani kwenye meza ya chakula na viti vyake vinne. Nilianza na meza. Nilitumia msasa namba 60, nikamalizia na namba 220, na nikipapasa mbao ilikuwa laini kabisa. Nilipopaka vanishi vikajitokeza vimikwaruzo vilivyojikunja kama springi ya kalamu, uso mzima. Karibu na ukingo mmoja pana kiraka cha rangi nyingine ambacho nikisugua kinazidi kukua. Vumbi nalo limefika hadi vyumba vya kulala. Je, mashine ni mbovu au mbovu ni mimi? Viti bado sijavigusa.

Jibu: Kwa maelezo yako mashine ni nzima. Tuanze na kiraka, maana ndicho kinachoamua kama meza hiyo iguswe tena na mashine au isiguswe.

Kiraka kinachokua kila ukisugua ni veniya iliyokwisha. Uso wa meza yako si mbao nzima. Ni utando mwembamba wa mbao nzuri uliogundishwa juu ya plaiwudi au chipubodi. Kwenye samani nyingi utando huo una unene wa milimita 0.6 au chini ya hapo, na msasa namba 60 juu ya mashine unaumaliza kwa muda mfupi sana, hasa ukingoni ambako mashine hupenda kuinama. Rangi unayoiona ni ya kilicho chini, na wakati mwingine ni ya gundi yenyewe. Hakuna msasa utakaoirudisha, kwa hiyo acha kusugua hapo. Yamebaki mawili: kukifananisha kiraka kwa rangi ya kupenya (ile inayoingia ndani ya mbao bila kuficha nyuzi) iliyokoza kidogo, ukipaka kwa brashi ndogo tabaka baada ya tabaka kisha kukifunika kwa vanishi, au kuipaka meza nzima rangi isiyoonyesha mbao.

Kabla hujagusa viti, vikague. Angalia ukingo wa kiti au kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Kama nyuzi za uso wa juu zinateremka ukingoni na kuendelea kwenye kichwa, hiyo ni mbao nzima. Kama zinakatika ghafla, au ukingoni kuna mstari mwembamba kama karatasi, au michoro ya nyuzi inajirudia pacha kwa pacha kama kwenye kioo, hiyo ni veniya. Geuza kiti pia utazame chini. Pakitofautiana sana na juu, umeshapata jibu.

Vimikwaruzo vinatoka wapi

Mashine ya duara inafanya mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Pedi, yaani ule uso wa chini unaobandikwa msasa, inatetema kwa kuzunguka duara dogo mno, kwa kawaida la milimita 2 hadi 5, maelfu ya mara kwa dakika. Papo hapo pedi nzima inajizungusha, taratibu zaidi. Mchanganyiko huo ndio unaofanya chembe ya msasa isipite njia ileile mara mbili, na ndiyo maana mashine hii inaweza kupita hata kwa kukata nyuzi bila kuacha michirizi mirefu.

Ukiikandamiza, ule mzunguko wa pedi nzima unakufa. Kinabaki kitetemo tu, na kila chembe inachimba kijiduara chake palepale. Hivyo ndivyo springi zako zinavyozaliwa. Wengi hawalitambui hili kwa sababu mlio wa mashine haubadiliki sana, nao wanadhani inafanya kazi barabara. Kuna njia rahisi ya kujua: chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja mweusi ubavuni mwa pedi, kuanzia juu hadi chini. Washa, weka mashine juu ya mbao, tazama mstari. Ukiuona unazunguka kwa utulivu, mkono wako uko sawa. Ukiuona umesimama au unajikongoja, punguza nguvu. Uzito wa mashine pamoja na uzito wa mkono uliolegea vinatosha. Ukiona unalazimika kukandamiza ndipo mashine ikwangue, msasa umekwisha makali au umechagua namba laini mno kwa hatua hiyo.

Sababu ya pili kwako ni kuruka namba. Chembe ya msasa namba 60 ina upana wa takribani milimita 0.27, ya namba 220 ni kama milimita 0.07. Namba 60 imechimba mitaro, halafu namba 220 imekuja kung'arisha vilima vilivyo katikati ya mitaro hiyo bila kufika chini. Kiganja kinapapasa vilima, ndiyo maana kilikudanganya. Mbao kavu nayo inaficha, kwa sababu vumbi jeupe limejaa mitaroni. Vanishi ikishaingia, kila mtaro unatoka wazi.

Sababu ya tatu ni uchafu chini ya msasa. Vanishi ya zamani ikipata joto hulainika na kujiviringisha vipunje vigumu vinavyoganda juu ya msasa. Kipunje kimoja tu kikubwa kama kichwa cha kiberiti kinachora springi meza nzima. Chembe ya namba 60 iliyobaki mezani ikanaswa chini ya msasa namba 220 inafanya vivyo hivyo, kwa hiyo kufuta vumbi kati ya namba na namba si suala la usafi tu.

Namba za kufuata

Kwenye viti, kama ni mbao nzima, anza na 80, uje 120, umalizie na 180. Weka 60 pembeni mpaka ukutane na vanishi nene au rangi ya tabaka nyingi. Kanuni ya kukumbuka: namba inayofuata isizidi sana mara moja na nusu ya iliyotangulia, 80 kwenda 120, 120 kwenda 180. Ukienda kupaka rangi isiyoonyesha mbao, unaweza kuishia 120 au 150. Kwa vanishi na mafuta, 180 inatosha. Kupanda hadi 240 au 320 kwenye mbao tupu kunafunga matundu yake, na rangi ya kupenya inakosa pa kuingia. Watu hujitesa kwa hatua ambayo inawaharibia kazi. Isipokuwa kwenye vichwa vya mbao: hapo nyuzi zimekatwa kama mirija iliyo wazi na zinanyonya rangi kupita kiasi, kwa hiyo palainishe namba moja zaidi ya sehemu nyingine ili pasitokee peusi.

Kazi kubwa ni ya namba ya kwanza. Hiyo ndiyo inayotoa vanishi yote, madoa na mabonde. Zinazofuata zina kazi moja tu ya kufuta alama za iliyotangulia. Ukiondoka kwenye 80 bado kuna doa, 120 haitaliondoa.

Ili usibahatishe, chora mistari ya penseli uso mzima kabla ya kila namba. Ichore kwa wepesi, kama wavu uliolegea, ubavu wa penseli ukigusa na si ncha yake. Piga msasa mpaka mistari yote ipotee. Pale unapobaki mstari ndipo palipo na bonde au ndipo ulipoparukia. Kisha zima taa ya juu, weka taa au tochi mezani ili mwanga upite chini chini juu ya mbao. Mtaro wowote utatupa kivuli. Ukitaka uhakika zaidi kabla ya vanishi, futa kwa kitambaa kilicholowa tapentaini kidogo: kwa dakika moja mbao itaonekana kama iliyokwisha kupakwa, na springi zitajitaja zenyewe. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, mashine ikiwa imechomolewa, na uache ikauke kabisa kabla ya kuendelea, kwa kuwa tapentaini inashika moto upesi.

Kuishika mashine

Kaza kwanza kile unachokipiga msasa. Ubao mdogo ubanwe kwa klampu au uwekwe juu ya mkeka wa mpira usioteleza. Kiti kiwekwe juu ya meza ya kazi, kwenye kimo cha kiuno, la sivyo utainama na mkono utakandamiza bila wewe kutaka.

Chomoa plagi ndipo ubandike msasa. Futa velkro ya pedi, kisha linganisha matundu ya msasa na ya pedi, moja kwa moja, mpaka uyaone yote yakiwa wazi. Matundu hayo ndiyo njia ya vumbi. Msasa uliopishana nayo nusu tu unaacha vumbi likisagwa chini yake, joto linapanda, na velkro inaanza kuyeyuka.

Mashine ya duara iweke bapa juu ya mbao kwanza, halafu uiwashe. Ukiiwasha hewani, pedi inaweza kushika kasi, na inapotua inachimba kovu la nusu mwezi. Ukimaliza, inyanyue ikiwa bado inafanya kazi, izime, na usiilaze mahali mpaka pedi isimame. Mashine ya mkanda ni kinyume chake: hiyo huwashwa hewani na kuteremshwa taratibu huku ikisogezwa, kwa sababu ukiiwasha juu ya mbao itachomoka kama gari lililoachiwa breki. Kwa kweli, mashine ya mkanda haina kazi kwenye samani za nyumbani zilizotengenezwa vizuri. Inafaa milango mizito na mbao ambazo hazijawahi kupigwa randa.

Mwendo uwe wa polepole kuliko unavyodhani: sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Meza ya urefu wa mita moja inachukua kama sekunde 40 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara moja tu. Jaribu kuhesabu na utashangaa ulivyokuwa ukikimbia. Nenda kwa kufuata nyuzi, na kila mstari upande juu ya uliotangulia kwa nusu ya upana wa pedi. Ukifika ukingoni, angalau theluthi mbili za pedi zibaki juu ya mbao; ukizidisha kuning'inia, mashine inainama na ukingo unageuka mviringo. Ukiona doa gumu, usiegemeze ukingo wa pedi juu yake. Utalitoa, naam, lakini utaacha kishimo kitakachoonekana kila mwanga wa jioni unapoingia dirishani.

Kama mashine yako ina kidude cha kurekebisha kasi, ipunguze ukiwa bado kwenye vanishi ili isiyeyuke, uipandishe ukifika kwenye mbao tupu. Katika hatua hiyo ya vanishi geuza mashine uuangalie msasa kila baada ya dakika moja au mbili. Ukiona vipunje, usafishe kwa kipande cha mpira laini, au ubadilishe. Msasa unaong'aa kama kioo na usiokwaruza kidole umekufa, na kuubania ni hasara: unachoma mbao, unachosha mashine, unachosha mkono.

Miguu ya viti iliyochongwa duara isiguswe na mashine. Pedi ni bapa, nayo itaichonga iwe na pande. Hapo tumia ukanda wa msasa mkononi, ukivuta kama anayeng'arisha viatu. Kwenye pembe za ndani mashine ndogo yenye uso wa umbo la pasi inafika, ila polepole.

Vumbi, na hatari isiyoonekana

Vumbi unaloliona sakafuni si ndilo baya zaidi. Baya ni lile laini linaloelea hewani kwa saa nyingi na kuingia mapafuni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1995. Saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ya matundu ya pua. Kitambaa au barakoa ya upasuaji haisaidii. Tafuta barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95, ibane vizuri puani, na ujue kwamba ndevu nene huipitishia hewa pembeni.

Fanya kazi nje ukiweza. Ukishindwa, funga mlango wa ndani na uzibe upenyo wa chini kwa taulo lenye unyevu, fungua dirisha, toa mapazia na nguo. Mfuko mdogo unaokuja na mashine unashika sehemu tu ya vumbi. Kuunganisha mashine ya kufyonza vumbi kwa bomba kunabadilisha kila kitu: hewa inakuwa safi zaidi, msasa unadumu, na vimikwaruzo vinapungua. Usifagie vumbi likiwa kavu. Lifyonze au ulifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Sasa lililo zito zaidi. Kama samani ni ya zamani sana na imepakwa rangi, au hujui imepakwa nini, usiipige msasa mkavu kabla ya kuipima kama ina madini ya risasi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini hayo; Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na kwingine iliendelea kuuzwa baada ya hapo. Mashine inaigeuza kuwa unga ambao mtoto anaulamba kutoka sakafuni, na risasi inadhuru ubongo wake kwa namna isiyorekebishika. Vipo vipimo vidogo vya kugusisha kwenye rangi vinavyobadilika rangi vikikuta risasi. Ikithibitika, acha mashine. Tumia dawa ya kutolea rangi au ukwangue kwa kulowesha, watoto na wajawazito wakiwa mbali, na nguo zako zifuliwe peke yake.

Mfuko wa vumbi umwage kila ukipumzika, na usiuache na vumbi usiku kucha. Unga laini uliochanganyika na vanishi au mafuta unaweza kujipandisha joto na kuwaka wenyewe. Cheche zinazotoka msasa unapogonga msumari zinaweza kuuanzisha moto huo pia, kwa hiyo zamisha misumari yote chini ya uso kabla ya kuanza. Itaokoa na msasa wako. Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo ya taka. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au uvizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma.

Waya upitishe juu ya bega, ubaki nyuma yako. Ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote, maana ikiwa imejiviringisha hupata moto. Mikono na sakafu viwe vikavu. Vaa miwani, kwa sababu msasa ukichanika vipande huruka, na uzibe masikio: kelele za mashine hizi zinaweza kupita desibeli 85, kiwango kinachoanza kudhuru masikio ya mtu anayeisikia kwa muda mrefu. Vidole vikianza kufa ganzi, pumzika dakika kumi.

Meza yako ifanyweje

Acha vanishi mpya ikauke kabisa, siku kadhaa na si saa kadhaa. Mbichi itaziba msasa mara moja. Usirudi na mashine kwenye uso huo. Toa vanishi kwa dawa ya kutolea rangi na kikwangulio cha plastiki, usafishe kama maelekezo ya dawa yanavyotaka, uache ikauke. Kisha funga msasa namba 150 kwenye kipande cha ubao kinachojaa kiganjani, ukajaribu eneo la ukubwa wa sahani, kwa kufuata nyuzi tu. Tazama kwa tapentaini. Springi zikipungua, endelea, halafu 180. Zikibaki huku rangi ya mbao ikianza kubadilika, mitaro ya namba 60 imekwenda chini kuliko veniya iliyobaki. Simama, chagua vanishi isiyong'aa au rangi iliyokoza, ambazo zinaficha zaidi.

Kwenye viti, baada ya 180 ya mashine, pitisha 180 ileile kwa mkono mara chache kufuata nyuzi. Hatua hiyo inanyoosha vijiduara vyovyote vilivyobaki kuwa mistari iliyolala pamoja na nyuzi, na jicho halivioni tena. Kama vanishi yako ni ya maji, futa mbao kwa kitambaa chenye unyevu kwanza, iache ikauke, kisha uondoe vinyweleo vilivyosimama kwa mkono mwepesi. Usipofanya hivyo vitasimama chini ya vanishi. Kati ya tabaka moja la vanishi na lingine tumia namba 320 kwa mkono, bila mashine.

Ikitokea mashine hata kwa mkono mwepesi inachimba makovu kila inapotua, kagua mpira wa breki ulio juu ya pedi. Ukilika, pedi huzunguka ovyo hewani. Misasa ikianza kuruka yenyewe, velkro ya pedi imeungua: pedi mpya hufungwa kwa skrubu chache, plagi ikiwa nje ya soketi. Cheche nyingi kwenye matundu ya hewa ya mota mara nyingi ni kaboni zilizokwisha (vile vipande viwili vinavyopitisha umeme kwenye mota), na hizo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja.